Mwanangu, huyo sungura ni wa nani?

Tanga, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa mama yako na goti lake, na hilo si jipya.

Ujumbe wako wa jana nimeusoma, nikampa mama yako akausoma, kisha nikaurudia mwenyewe. "Baba usijali, ni fomu tu, nitasaini Jumatatu nikifika Nairobi." Mama, kurasa zote zile za mkataba wa studio ya katuni ni fomu tu? Mimi nimekaa mahakamani na mafaili tangu hujazaliwa mpaka siku waliponikabidhi saa ya ukutani wakaniambia nikapumzike, na muda wote huo sikuona mtu aliyepoteza shamba kwa kitu chenye jina kubwa. Ilikuwa fomu tu. Kidole gumba, wino, ahsante mzee, na kesho kutwa yuko kwetu dirishani anauliza mbona kuna mtu anajenga kwenye minazi yake.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanijibu kwa kile kikaragosi kinachocheka mpaka machozi, na mazungumzo yanaishia hapo. Swali langu ni moja na nitalirudia mpaka unijibu: huyo sungura wako wa katuni uliyemchora mwenyewe, ukishatia saini, atakuwa wa nani?

Kile kitabu kinene cha maisha ya Walt Disney, yule Mmarekani wa katuni, ulichokiacha juu ya kabati nimekimaliza. Ulidhani tutakandamizia magazeti. Nimekisoma na penseli mkononi kama nilivyozoea. Filamu zake usihangaike kunisimulia, hizo unazijua kuliko mimi, umezitazama picha moja moja hadi mama yako akadhani televisheni imeharibika. Wasiwasi wangu ni kwamba ulitazama picha ukaruka makaratasi.

Utaniambia habari za Oswald, sungura wa katuni zake za mwanzo, unazijua. Unazijua kama wanavyozijua wote, kwamba yule bwana alinyang'anywa sungura wake. Mimi nilivyosoma kikarani, hakunyang'anywa, kwa kuwa sungura hakuwa wake toka mwanzo. Mwaka 1927 yeye na kaka yake Roy walikuwa wakitengeneza katuni za Oswald kwa Charles Mintz wa New York, mume wa Margaret Winkler, yule mama aliyewapa mkataba wao wa kwanza Oktoba 1923. Mintz naye akizipeleka Universal, kampuni kubwa ya filamu. Kwenye makaratasi, sungura alikuwa wa Universal. Februari 1928 Walt akapanda treni na mkewe Lillian kwenda New York kuomba nyongeza kwa kila filamu, maana katuni zilikuwa zinapendwa. Mintz akamwambia malipo yatapungua, na akikataa, wachoraji wake karibu wote wamekwisha kusaini upande wa pili. Waliobaki naye ni mchoraji Ub Iwerks na wengine wachache. Walt alikuwa na miaka 26. Fikiria safari ya kurudi California kwa treni, siku na siku, mke anakutazama, na huna mhusika hata mmoja wa kuchora.

Najua na jibu lako: bila kumpoteza Oswald asingempata panya Mickey. Sawa. Tarehe 18 Novemba mwaka huohuo katuni ya Mickey, Steamboat Willie, ikaonyeshwa pale Colony Theatre, New York, sauti na picha vikienda pamoja, na mambo yakabadilika. Lakini mimi nimewaona wengi waliopoteza mashamba, mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyerudi dirishani kunionyesha panya.

Oswald alirudi lini? Mwaka 2006. Walt alikuwa kaburini kwa karibu miaka 40. Kampuni yake ilimpata kwa kumwachia mtangazaji wao wa michezo, Al Michaels, ahamie kituo cha televisheni cha NBC, ndugu wa Universal, nao wakapewa sungura. Mtangazaji kwa sungura! Miaka 78. Nilimsomea mama yako jikoni, akasema hao watu hawana kazi.

Kinachoniudhi ni kwamba hata funzo hilo halikumwingia papo hapo. Mwaka huohuo wa 1928, akiwa na haraka ya mitambo ya sauti, akasaini na mtu anaitwa Pat Powers: $26,000 kwa mwaka, miaka 10. Roy alipouona mkataba ule alikasirika, na mimi niko upande wa Roy. Powers huyohuyo ndiye aliyekuja kumvuta Ub Iwerks aondoke, Januari 1930. Na huyo Ub ndiye wa kumtazama vizuri, kwa sababu wewe unafanana naye kuliko unavyofanana na Walt. Mikono yake ndiyo iliyochora Plane Crazy, ya kwanza ya Mickey kutengenezwa, karibu peke yake, picha hadi 700 kwa siku. Alikuwa na asilimia 20 ya kampuni. Alipoondoka akaziachia kwa $2,920. Tarakimu hizo nimezizungushia penseli na ukurasa nimeukunja, utaukuta. Asilimia 20 ya Disney, mama. Miaka 10 baadaye akarudi palepale, safari hii kwa mshahara.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijaona ukilitaja hata siku moja, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko panya. Mwaka 1936 United Artists, waliokuwa wakisambaza filamu zao, walitaka kwenye mkataba mpya wabaki na haki za televisheni. Televisheni, 1936! Nani alikuwa nayo? Walt akakataa, akahamia RKO, na ndio RKO waliosambaza filamu yake ya Snow White and the Seven Dwarfs. Ilipofika 1954 televisheni iko kwenye sebule za Wamarekani, wenye kituo cha ABC wakamtaka awafanyie kipindi, naye akawabana watoe fedha za bustani yake ya burudani ya Anaheim, ikafunguliwa 17 Julai 1955. Asingekuwa na la kuwabania kama angekwisha kuiuza televisheni kabla haijaingia majumbani mwa watu.

Kwenye zile kurasa ulizonitumia, ambazo nimezisoma kwa kuzivuta kwa vidole viwili mpaka macho yakauma, kuna mahali wameandika "na njia nyingine yoyote itakayobuniwa baadaye". Hiyo ndiyo televisheni yako. Mimi sijui itakuwa kitu gani, wewe hujui, wao hawajui, lakini wao wamekwisha kuiandika.

Usidhani naikebehi kazi. Ile filamu yako ya dakika tatu niliiomba kwa kijana wa jirani mwenye kompyuta, nikamwambia aisimamishe pale sungura anapogutuka mlangoni. Kichwa kinasimama, sikio linachelewa, halafu nalo ndiyo linalala. Nikamwambia arudie. Akarudia. Sikio lile lilinishinda kusema, kijana akadhani sijaelewa akaanza kunieleza. Nimepiga hesabu: picha 24 kwa sekunde, kwa dakika tatu ni 4,320, hata kama ulichora moja ukaihesabu mara mbili ni zaidi ya 2,000, na ulizichora kwenye chumba ambacho feni yake mimi ndiye niliyesema itasubiri. Kwenye kitabu wanasema Disney aliwafungulia wachoraji wake masomo ya jioni mwaka 1932, chini ya mwalimu Don Graham, na wakati wa filamu ya Bambi akaleta wanyama hai studio wawachore wakitembea. Wewe hukuletewa mnyama. Ulikaa na wale sungura wa mama mdogo nyuma ya banda, tukakugombeza kwamba umeacha vyombo. Vyombo ulikuwa umeacha kweli.

Na ile kofia ya sungura, iliyokaa upande, mama yako anasema anamjua mwenye kofia ile. Mimi sijasema kitu.

Hao wenye studio wanaweza kuwa watu wema, sijawatukana. Lakini usijiambie kwamba mtu aliyewahi kuumizwa atakuwa mpole kwako. Walt aliyeumizwa na Mintz ndiye ambaye wachoraji wake waligoma tarehe 29 Mei 1941, wakasimama na mabango mbele ya lango la studio yake ya Burbank, baada ya Walt kumfukuza Art Babbitt kwa mambo ya chama cha wafanyakazi. Babbitt ndiye aliyemchora yule malkia mwovu wa Snow White, mtu wa juu kabisa. Walilalamikia mishahara isiyo na mpango, na majina yao kutoonekana kwenye katuni fupi, jina ni la mwenye studio tu. Walt akaliona jambo lile kama usaliti wa nyumbani. Binti aliyempa Snow White sauti, Adriana Caselotti, alilipwa $970 kwa kazi yote na jina lake halikuandikwa. Wale akina mama wa chumba cha wino, waliovuta mistari mbele ya selulosi, zile karatasi angavu za katuni, kisha wakaigeuza na kupaka rangi kwa nyuma ili mistari isifunikwe, nao hawamo. Lillian mwenyewe alianzia kwenye kazi hiyo. Filamu iligharimu karibu dola milioni moja na nusu, watu wakiiita wazimu wa Disney, ikaonyeshwa mara ya kwanza 21 Desemba 1937 na kuingiza karibu milioni 8 katika mzunguko wake wa kwanza. Mimi nimeipenda, sikatai, hasa wale mbilikimo wazee wanavyonawa mikono. Lakini ukiniuliza nani alipata nini, nitakujibu: soma walichosaini.

Basi sheria. Ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001 inasema hivi: kazi uliyoagizwa na mtu, au uliyoifanya ukiwa mwajiriwa wake katika ajira hiyo, huhesabiwa kwamba hakimiliki imehamia kwake, kama hamkukubaliana vingine. Maneno ya mwisho hayo ndiyo ninayokuandikia usiku huu. Kama hamkukubaliana vingine. Usipoandika chochote, sheria imekwisha kukuandikia.

Sungura ulimchora hapa Tanga, hujaajiriwa na mtu. Kwa hiyo unataka sentensi moja iongezwe, moja tu, kwamba mhusika huyo alikuwapo kabla ya ajira, ni mali yako, na studio inapewa ruhusa ya kumtumia kwenye filamu hiyo na kwa muda huo. Wakikataa sentensi moja, na hilo nalo ni jibu. Madaftari yako ya zamani yenye tarehe usiyatupe wala usiyabebe, yaache kwa shangazi kwenye sanduku. Na ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hapo Dar namna ya kumsajili kabla hujaondoka. Najua utasema muda hautoshi. Muda wa kwenda kusuka umetosha, picha nimeziona.

Halafu nikukumbushe jambo. Mwaka 2018 ulitukosesha usingizi humu ndani kwa sababu ya hakuna matata, kwamba Disney wameyasajili maneno hayo Marekani tangu 2003 kwa ajili ya fulana, na ulisaini ombi la kupinga, ukatusainisha na sisi, ukaniletea vifungu nivisome. Kwa maneno ya watu wote ulisoma kila mstari. Kwa sungura wako mwenyewe ni fomu tu.

Mkataba mpelekee kaka yako ausome. Najua hamsemeshani, na ya Idd siyafungui hapa. Lakini kwenye kitabu hicho chote mtu niliyempenda ni Roy. Walt hakuwa mtu wa hesabu. Roy alikuwa hospitali ya maveterani akiuguza kifua kikuu pale Los Angeles mwaka 1923, mdogo wake akamfuata usiku na barua ya Winkler, na akatoka kitandani wakaanza. Maisha yote yule alikuwa anaota, huyu anakwenda benki. Walt alipofariki 1966 Roy alikuwa anataka kustaafu, akaacha, akabaki mpaka bustani ya Florida ikafunguliwa Oktoba 1971, akaipa jina zima la mdogo wake, na Desemba hiyohiyo naye akaondoka. Nao waligombana, tena miaka, juu ya fedha. Kaka yako anasoma mikataba ya malori kila siku, anajua wanapoficha mambo. Mpigie wewe kwanza, wewe ndiye mdogo.

Yule baba yao, Elias, sikumpenda. Huko Kansas City alikuwa akiwaamsha Roy na Walt alfajiri kugawa magazeti kwenye theluji, na malipo hawaoni. Wakubwa wawili, Herbert na Raymond, walikuwa wamekwisha kutoroka nyumbani. Kwake yeye, kuchora haikuwa kazi ya mtu mzima. Nilimwambia mama yako baba wa namna ile hafai. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. Yale ya daftari la hesabu basi, yalishapita.

Mahali nilipofunga kitabu ni Novemba 1938. Watoto wana fedha za Snow White, wamewanunulia wazazi nyumba North Hollywood wakae karibu. Mtambo wa kupasha nyumba joto ukawa na hitilafu, hewa mbaya ikajaa ndani, mama yao Flora akafariki tarehe 26. Mzee aliokolewa. Watu hupenda kusema ndiyo maana katuni zake zimejaa watoto wasio na mama, lakini Snow White alikuwa yatima karibu mwaka mzima kabla ya hapo, kwa hiyo hilo tuwaachie wao. Mimi nililoliona ni hewa. Nairobi mwezi wa saba ni baridi, na kuna watu wanaingiza jiko la makaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Usifanye. Hata kama mwenzako wa chumba amekulia hapo na anasema wamezoea. Mama yako amekuwekea blanketi zito, lile la kahawia, na usiseme ni la kizamani.

Sigara pia humu zimo. Walt alivuta tangu ujana, saratani ya mapafu ikamchukua akiwa na miaka 65. Ukurasa huo sikuupigia mstari mimi. Niliukuta umepigwa kwa kalamu nyekundu, umewekwa wazi mezani kwangu, pembeni ya kiberiti. Mwandiko wa mama yako unaujua.

Mengine ni ya kawaida. Fedha uliyotuma imenunua bati za jikoni, fundi amesema atakuja Jumamosi, alisema hivyo na Jumamosi iliyopita. Chumba chako amelala mtoto wa mama mdogo mpaka shule zifungwe, michoro ya ukutani nimemkataza kuigusa. Bili ya maji imekuja tena kubwa, nikaenda ofisini kwao, nikaambiwa nijaze fomu. Nimeijaza, baada ya kuisoma.

Basi utakapofika Namanga kaa na mkoba wako miguuni, pasi usimpe mtu wa pembeni anayesema atakusaidia foleni. Fedha badilisha dukani, usibadilishe kwa wale wanaofuata dirisha la gari. Ukifika piga simu, usitume kikaragosi. Na Jumatatu wakikupa kalamu, waambie unaomba siku mbili, baba yako mzee anasoma polepole. Ni kweli pia. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri siku mbili, na kama kazi itakufa kwa siku mbili basi haikuwa kazi. Niandikie sentensi wanayoweza kuikubali, nami nitaitazama, nitakurudishia usiku huohuo.

Huyo sungura ni wa nani? Bado hujanijibu.

Kondakta nimemlipa kabisa, asikudai. Kwenye mfuko mna machungwa ya Muheza, nazi, na dagaa wa mama yako waliofungwa kwa gazeti mara mbili. Machungwa ya juu yameiva, hayo mpe shangazi yako myale hapo Dar. Ya chini bado ya kijani, ndiyo ya Nairobi.

Baba yako